Sathima Bea Benjamin: Mwimbaji wa jazz aliyeamua kumiliki sauti yake

USIKU mmoja mapema mwaka wa 1963, mwanamke kijana kutoka Afrika Kusini alimwendea Duke Ellington baada ya tamasha mjini Zürich, Uswisi. Alimsihi mwanamuziki huyo mashuhuri wa Marekani aandamane naye hadi klabu ndogo alikokuwa akipiga piano mpenzi wake.

Ellington alikubali. Alipokwisha kuisikiliza bendi hiyo ya watu watatu, alitaka kumsikia na yule mwanamke aliyemleta. Mwanamke akaimba.

Siku chache baadaye, wote walikuwa studioni jijini Paris. Bendi ilirekodi nyimbo zake, na mwimbaji akarekodi zake. Santuri ya bendi ilitoka na kumfungulia mpigapiano milango ya dunia. Kanda ya mwimbaji haikutoka, na ulimwengu ulisubiri zaidi ya miaka 30 kuisikia.

Mwimbaji huyo ni Sathima Bea Benjamin, mmojawapo wa waimbaji bora wa jazz waliowahi kutoka barani Afrika. Mpigapiano ni Dollar Brand, ambaye baadaye alisilimu na kujulikana kama Abdullah Ibrahim.

Wapenzi wa muziki humu nchini wanalifahamu zaidi jina la Miriam Makeba, aliyeueneza wimbo ‘Malaika’ kote duniani. Wanafahamu pia mvutano wa muda mrefu kuhusu ni nani hasa aliyeutunga wimbo huo. Maisha ya Sathima yanahusu suala lililo jirani na hilo: msanii akishaimba, ni nani anayeamua iwapo sauti yake itasikika?

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari moja. Kwetu neno ‘jazz’ lilitumiwa katika majina ya bendi za dansi kama vile Western Jazz na Jamhuri Jazz, ambazo zilitegemea magitaa na kupiga muziki wa kuchezwa. Jazz aliyoimba Sathima ni ile iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, ambapo mwimbaji huuchukua wimbo unaojulikana na kuupa mwendo, mapumziko na hisia zake mwenyewe.

Utoto wa Cape Town

Beatrice Bertha Benjamin alizaliwa mnamo Oktoba 17, 1936, jijini Johannesburg, lakini alilelewa Cape Town. Familia ya babake ilikuwa na asili ya Saint Helena, kisiwa kidogo kilichoko katika Bahari ya Atlantiki.

Wazazi wake walitengana angali mdogo, akaishia kulelewa na nyanyake katika mtaa wa Claremont. Nyanya huyo alikuwa mkali, mwenye kuthamini nidhamu na heshima. Hata hivyo, nyumbani mwake mlikuwa na redio, na redio hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya muziki kwa mjukuu wake.

Binti huyo alizoea kunakili maneno ya nyimbo kila zilipopigwa, mstari kwa mstari, hadi akawa na daftari lililosheheni nyimbo. Baadaye aliwagundua waimbaji waliomwathiri zaidi, akiwemo Billie Holiday. Alianza kuimba hadharani katika mashindano ya vipaji yaliyofanyika kwenye kumbi za sinema wakati wa mapumziko.

Huo ulikuwa wakati serikali ya ubaguzi wa rangi ikikaza kamba. Sheria ya mwaka wa 1950 iliwagawa wananchi katika makundi ya rangi, na nyingine ya mwaka uo huo ikaamua kila kundi liishi wapi. Familia ya Benjamin iliwekwa katika kundi lililoitwa ‘Coloured’, yaani watu wa damu mchanganyiko. Claremont yenyewe baadaye ilitengewa Wazungu.

Alisomea ualimu na kufunza kwa muda, lakini jukwaa lilikuwa limekwisha kumteka. Mnamo 1957 alijiunga na kikundi cha maonyesho kilichozunguka kusini mwa Afrika. Ziara hiyo iliporomoka, na wasanii wakajikuta wamekwama Msumbiji. Wengi wangekata tamaa hapo. Yeye alirejea Cape Town akiwa amepania zaidi.

Santuri ya kwanza isiyotoka

Mwaka wa 1959 alikutana na Dollar Brand, kijana mwenzake wa Cape Town aliyekuwa akijijengea jina kwa namna yake ya kipekee ya kupiga piano. Mapenzi na muziki vikaanza safari moja.

Mwaka uo huo waliingia studioni wakarekodi albamu iliyopewa jina ‘My Songs for You’. Lau ingetolewa, ingekuwa miongoni mwa santuri ndefu za kwanza kabisa za jazz nchini Afrika Kusini. Haikutolewa.

Mapema mwaka wa 1960, Dollar Brand, Hugh Masekela, Kippie Moeketsi, Jonas Gwangwa na wenzao walirekodi santuri ya kundi la Jazz Epistles. Hiyo ilitoka, na hadi leo hutajwa kuwa mwanzo wa historia ya albamu za jazz za wanamuziki weusi nchini humo. Jina la mwanamke aliyetangulia kurekodi halikuingia katika ukurasa huo.

Mnamo Machi 21, 1960, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Sharpeville na kuwaua watu 69. Hali ya hatari ilitangazwa na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Mwanamuziki aliyetegemea kumbi za usiku, ambako watu wa rangi mbalimbali walichangamana, hakuwa tena na mahali pa kupigia. Masekela na Gwangwa walikwenda ng’ambo. Mwaka wa 1962, Bea Benjamin na Dollar Brand nao walifunga virago.

Asubuhi moja Paris

Walitua Zürich, wakifuatwa na mpigabesi Johnny Gertze na mpigangoma Makaya Ntshoko. Maisha yalikuwa magumu na baridi kali, lakini walipata kazi katika klabu iliyoitwa Africana.

Huko ndiko Ellington alikopelekwa usiku ule. Wakati huo alikuwa na mkataba na kampuni ya Reprise, iliyoanzishwa na mwimbaji Frank Sinatra mnamo 1960, na alikuwa na idhini ya kuiletea kampuni hiyo wasanii aliowapenda. Aliwaita Paris wote wanne.

Kanda zilirekodiwa mnamo Februari 1963 katika studio za Barclay. Katika zile za mwimbaji, Ellington mwenyewe aliketi kwenye piano kwa nyimbo zake mbili, ‘Solitude’ na ‘I Got It Bad’. Billy Strayhorn, mtunzi mwenza wa Ellington kwa miaka mingi, alipiga piano katika nyimbo nyingine mbili. Zilizobaki zilipigwa na Dollar Brand na wenzake.

Aidha, Ellington alimwalika Svend Asmussen, mpigafidla kutoka Denmark. Asmussen hakutumia upinde, bali alizidonoa nyuzi kwa vidole, na sauti yake ikawa kama matone ya mvua nyuma ya sauti ya mwimbaji. Nyimbo zilizorekodiwa zilikuwa 12, nyingi zikiwa za mapenzi na zenye mwendo wa polepole.

Bea Benjamin alikuwa na umri wa miaka 26. Hakuimba kwa kupaaza sauti wala kwa madoido. Alilitamka kila neno wazi, akaliacha litulie kabla ya kulileta lifuatalo. Mtindo huo hakuuacha hadi mwisho wa maisha yake.

Santuri ya wanaume watatu ilitolewa na Reprise ikiwa na jina la Ellington kwenye jalada, ‘Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio’. Kutoka hapo mialiko ya tamasha za Ulaya na Marekani ilimfuata mpigapiano.

Kanda ya mwimbaji ilibaki ghalani. Uamuzi wa kuitoa au kuizuia haukuwa wake, kwani kazi ikishalipiwa studio na kampuni, sauti iliyomo ni mali ya aliyelipa. Kwa mara ya pili katika kipindi cha miaka minne, alikuwa amerekodi albamu nzima isiyosikika na mtu.

Ellington hakumsahau. Mwaka wa 1965 alimpandisha jukwaani pamoja na bendi yake kubwa katika Tamasha ya Jazz ya Newport nchini Marekani. Lakini jukwaa ni la usiku mmoja, na mwimbaji asiye na santuri hana cha kumwachia msikilizaji anaporudi nyumbani.

Mke, mama na mtunzi

Bea Benjamin na Dollar Brand walifunga ndoa mwaka wa 1965. Mnamo 1968 mumewe alisilimu na kuchukua jina la Abdullah Ibrahim. Yeye naye alipata jina la Sathima, alilopewa na mpigabesi wa Afrika Kusini Johnny Dyani, likiwa na maana ya mtu mwenye moyo mwema.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhamahama kati ya Ulaya, Marekani na kusini mwa Afrika. Walijaliwa watoto wawili, mvulana na msichana. Bintiyo, Tsidi Ibrahim, aliyezaliwa Cape Town mnamo 1976, baadaye alivuma Marekani kama msanii wa hip hop kwa jina la Jean Grae.

Mume akiwa safarini, Sathima alikuwa nyumbani na watoto. Ni kipindi ambacho wanahistoria wengi wa jazz hukiruka kana kwamba hapakuwa na lolote. Kumbe ndicho kipindi alichogeuka kutoka kuwa mwimbaji wa nyimbo za wengine na kuwa mtunzi.

Matunda yake yalionekana mwaka wa 1976, alipotoa albamu ‘African Songbird’ akiwa Afrika Kusini. Ilitolewa na Rashid Vally, mfanyabiashara wa santuri jijini Johannesburg ambaye miaka miwili awali alikuwa ametoa ‘Mannenberg’, wimbo wa Abdullah Ibrahim uliogeuka kuwa kama wimbo wa taifa usio rasmi wa wapinzani wa ubaguzi.

Nyimbo tatu za albamu hiyo zote zilitungwa na Sathima. Mmoja, ‘Africa’, ni mrefu kiasi cha kujaza upande mzima wa santuri, na unamhusu mtu aliyekaa mbali na bara lake kwa muda mrefu na sasa amerejea. Akiwa na umri wa karibu miaka 40, hatimaye Sathima alikuwa na albamu yake mkononi.

Furaha hiyo haikudumu. Mnamo Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, na polisi wakawamiminia risasi. Sathima na mumewe walitangaza waziwazi kwamba wanaunga mkono chama cha ANC, kilichokuwa kimeharamishwa. Kuanzia hapo hawakuwa na budi kuondoka tena. Mwaka wa 1977 walihamia New York, wakaishi katika hoteli ya Chelsea, maskani ya waandishi na wasanii wengi.

Ekapa, kampuni ya nyumbani

New York ni jiji lenye waimbaji wengi wa jazz kuliko kazi zilizopo. Mwanamke Mwafrika mwenye watoto wawili, asiyeimba yale ambayo makampuni yalitarajia kutoka kwa Mwafrika, hakuwa na wa kumpigania.

Sathima aliamua kujipigania. Mwaka wa 1979 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kurekodi na kuipa jina Ekapa. Kwa lugha ya Kixhosa, ‘eKapa’ maana yake ni ‘kule Cape’. Kiambishi hicho cha mwanzo hufanya kazi ile ile ambayo ‘-ni’ hufanya katika Kiswahili tunaposema nyumbani au mjini. Mtu aliyefungiwa mlango wa kwao aliliweka jina la kwao kwenye kila santuri.

Kazi ya kwanza ilikuwa ‘Sathima Sings Ellington’, heshima kwa mzee aliyemwamini miaka 16 awali na aliyeaga dunia mnamo 1974. Maana ya albamu hiyo ilikuwa pana. Baadhi ya nyimbo zilizokuwa zimefungiwa kwenye kanda ya Paris zilikuwa za Ellington. Sasa aliimba tena nyimbo za mtunzi huyo, na safari hii hakuna aliyeweza kuzizuia.

Kampuni hiyo haikuwa na jumba wala msururu wa wafanyakazi. Kumiliki kampuni ya aina hiyo maana yake ni kulipia studio, kuwalipa wanamuziki, kugharimia uchapishaji wa santuri na majalada, kisha kuwatafuta wauzaji. Faida yake ni moja: kanda ya asili hubaki mikononi mwa aliyeimba.

Zilifuata ‘Dedications’ mwaka wa 1982, ‘Memories and Dreams’ 1983, ‘WindSong’ 1985 na ‘LoveLight’ 1987. Ekapa pia ilitoa ‘Ekaya’, albamu ya Abdullah Ibrahim ya mwaka wa 1983. Mke ambaye jina lake lilikuwa limefunikwa na la mumewe sasa ndiye aliyekuwa na kampuni.

Walioshiriki katika rekodi hizo walikuwa vigogo wa jazz ya Marekani, wakiwemo mpigabesi Buster Williams, mpigapiano Kenny Barron na wapigangoma Billy Higgins na Ben Riley. Wanamuziki wa kiwango hicho hawakosi kazi. Kwamba walikubali kumpigia tena na tena ni ushahidi wa namna walivyomheshimu.

Albamu ‘Memories and Dreams’ ina nyimbo alizoziunganisha na kuziita ‘Liberation Suite’, zikiwemo ‘Nations in Me’ na ‘Children of Soweto’. Katika ‘Nations in Me’ aliichukua damu mchanganyiko iliyomfanya abaguliwe na kuigeuza kuwa fahari. Alitunga pia wimbo wa kumuenzi Winnie Mandela, wakati mumewe Nelson Mandela angali gerezani. Kwa Billie Holiday, aliyemwathiri tangu ujanani, aliandika ‘Lady Day’.

Hata hivyo, hakuacha kuimba nyimbo za mapenzi za Wamarekani. Waliomuuliza jinsi nyimbo hizo zilivyohusiana na Afrika walisahau redio ya nyanyake. Nyimbo hizo zilikuwa za utoto wake Cape Town, na alizirudia kwa mwendo wa Cape Town.

Kanda yapatikana

Katikati ya miaka ya 1990, habari isiyotarajiwa ilichipuka. Gerhard Lehner, fundi wa mitambo aliyesimamia kurekodiwa kwa nyimbo katika studio ile ya Paris, alikuwa amehifadhi nakala ya kanda ya mwaka wa 1963.

Kampuni ya Enja ya Ujerumani iliitoa mnamo 1997 ikiwa na jina ‘A Morning in Paris’, yaani asubuhi moja Paris. Sathima alikuwa na umri wa miaka 60 na ushei alipoishika mkononi kazi aliyoifanya akiwa na miaka 26. Ellington hakuwepo tena. Strayhorn alikuwa amefariki mnamo 1967.

Wahakiki waliipokea kwa mshangao. Hapo palikuwa na Ellington na Strayhorn, watunzi wawili wakubwa wa karne ya 20, wakimsindikiza mwimbaji wa Kiafrika katika albamu moja, na kwa miongo mitatu hakuna aliyeijua. Swali lililowajia wengi ni kazi yake ingekwenda vipi lau kanda hiyo ingetoka mwaka wa 1963.

Jibu hakuna ajuaye. Lililo wazi ni kwamba kanda hiyo iliokolewa na hifadhi ya mtu mmoja, wala si na kampuni iliyokuwa na haki zake. Zile alizozirekodi chini ya Ekapa hazikuhitaji bahati kama hiyo.

Kurudi nyumbani

Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mnamo 1994, Sathima alianza kurekodi tena kwao. ‘Cape Town Love’ ya mwaka wa 1999 aliifanya na wanamuziki wa Cape Town. ‘Musical Echoes’ ya mwaka wa 2002 ilifuata, naye mpigapiano Mmarekani Stephen Scott akashiriki.

Mwaka wa 2004, Rais Thabo Mbeki alimtunuku nishani ya Ikhamanga ya daraja la fedha, kwa mchango wake katika jazz na katika vita dhidi ya ubaguzi wa rangi. Filamu ya kumbukumbu, ‘Sathima’s Windsong’, ilitolewa mnamo 2010 na mwelekezi Daniel Yon. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu ‘Musical Echoes’, alichokiandika kwa ushirikiano na msomi wa muziki Carol Ann Muller.

Mnamo 2011 aliiaga New York na kurejea Cape Town kuishi. Mwaka wa 2013, ‘African Songbird’, iliyokuwa imeadimika mno, ilichapishwa upya kwa ajili ya kizazi ambacho hakikuwepo ilipotolewa mara ya kwanza. Agosti 20 mwaka uo huo, aliaga dunia jijini Cape Town akiwa na umri wa miaka 76.

Wahenga walisema kuwa mgala muuwe na haki yake mpe. Sathima alinyimwa haki hiyo mara mbili, mwaka wa 1959 na mwaka wa 1963, bila ya mtu yeyote kumwambia kwamba hajui kuimba. Alipoona hapewi, aliichukua mwenyewe mwaka wa 1979.

Wasanii wetu wanaotia saini mikataba bila kuuliza kanda ya asili itabaki kwa nani wana la kujifunza hapo.

Albamu zake kuu

1976 – African Songbird
1979 – Sathima Sings Ellington
1982 – Dedications
1983 – Memories and Dreams
1985 – WindSong
1987 – LoveLight
1997 – A Morning in Paris (ilirekodiwa 1963)
1999 – Cape Town Love
2002 – Musical Echoes